Uyoga Wenye Shela

Niliwaongoza wageni msituni miaka tisa kwa kichwa changu tu, bila karatasi. Kisha kambi ya watalii iliyoniajiri ikataka kiongozi awe na cheti. Shemeji yangu, mdogo wa yule mume aliyenitelekeza, akaenda kozi ya miezi mitatu, akarudi na kofia na filimbi. Akawekwa mbele. Mimi nikapewa kikapu cha chakula, nifuate nyuma kama mkia.

Mwezi uliopita meneja alituambia waziwazi: wageni wakilalamika tena kwamba hawakuona kitu, kiongozi atabadilishwa. Nikafurahi kimoyomoyo. Nilijua nikifunga mdomo, shemeji atajimaliza mwenyewe.

Asubuhi moja tulikuwa na wageni watano, mmoja wao bibi mwenye miwani minene aliyekuja kwa ajili ya uyoga tu, hasa ule unaojivika shela nyeupe. Shemeji akampita kinyonga bila kumwona. Akaupita uyoga mwekundu uliojipanga kwenye gogo kama vikombe vidogo. Mimi kimya, nimeuma ulimi.

Kisha ikaja harufu. Shemeji akainua mkono.

“Hapo kuna mzoga. Chui yuko karibu. Turudi, ndivyo tulivyofundishwa kozini.”

Wageni wakageuka. Bibi akavua miwani, akaifuta polepole. “Basi,” akasema. “Magoti haya hayatanileta tena huku.”

Moyo ukanilainika, nikajichukia.

“Shemeji, huo si mzoga.”

“Umejuaje wewe?”

“Na wewe chui umemwona wapi? Ubaoni?”

Wageni wakacheka. Nikatua kikapu, nikawafuata nzi waliovutwa na ile harufu hadi nyuma ya gogo jingine. Uyoga wa bibi ulikuwa hapo, ndio ulionuka, umesimama wima, shela imefunguka mpaka chini. Nikawaambia watazame haraka, maana kabla ya saa sita huwa umeshaanguka. Bibi akapiga magoti kwenye tope.

“Jamani, bibi harusi huyu ananuka,” akasema.

“Nimewahi kuishi na kinachonuka zaidi,” nikamjibu, nikimtazama shemeji.

Tuliporudi kambini, meneja akauliza kama tumeona kitu. Shemeji akawahi: “Nimewaonyesha kila kitu, bosi.”

“Huyu?” bibi akasema. “Huyu alituonyesha njia ya kurudi. Aliyetuonyesha uyoga ni yule mama.”

Kesho yake nilitangulia mimi. Njiani shemeji akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini yule mdudu mwenye pembe juu ya jani anaitwaje. Nikamwacha ahangaike hatua kama kumi hivi, kisha nikamwambia.