Seneti Mezani Kwetu

Nilipokuwa msichana, chakula cha Jumapili nyumbani kwetu Likasi hakikuliwa kimyakimya. Tulirudi kutoka misani, mama akasonga bukari, ugali wa kwetu, papa akafungua redio, na kabla sahani hazijapoa walikuwa wameanza kubishana juu ya Seneti. Papa alitaka ifutwe, mama alitaka ibaki.

Papa alikuwa fundi wa umeme kiwandani, mtu asiyemruhusu yeyote ampigie pasi shati lake. Redio ikitaja maseneta tu, aliweka tonge chini.

"Bale bantu, nani alibachagula?" aliuliza. "Minye nachagula ba depite ba provense. Bale njo banachagula ba seneta. Minye sikuulizwa. Ile nyumba bafunge." Alisema kweli: sisi wananchi tuliwachagua wabunge wa mkoa, ba depite, na hao ndio waliowachagua maseneta.

Mama aliuza sokoni samaki wa ziwa Tshangalele, na sauti yake haikupanda hata wateja wakimsumbua.

"Mu ile bunge ingine, provense zenye bantu mingi zinatushinda," alijibu huku akimwongezea mboga. "Mu Seneti, hata provense ndogo iko na viti sawa na kubwa. Ukifunga, nani atatusemea?"

"Na sasa nani anatusemea?"

Mama alicheka tu. Sisi watoto tulichukua fursa hiyo kumaliza samaki.

Mwaka mmoja padri alitangaza kwamba seneta wa mkoa wetu angekuja parokiani. Siku hiyo papa alivaa suti aliyofungia ndoa, ingawa vifungo vilikuwa vimegoma. Ukumbi ulijaa. Hata jirani zetu wanaosali kwa wapentekoste, wanaoishi kwa kuchimba na kuuza madini, walikuja kusikiliza. Seneta, mzee mwenye sauti ya upole, alipomaliza hotuba yake, papa alisimama.

"Mheshimiwa, karibu kwetu. Lakini minye sikukuchagula. Mu hii salle hakuna mwenye alikuchagula. Sasa unatusemea vipi?"

Nilitamani kumvuta koti aketi, na papo hapo nilitamani kila mtu ajue kwamba huyo ni baba yangu. Seneta hakukasirika.

"Papa, uko na haki," alisema. "Ba depite njo balinichagula, sheria iko vile. Lakini nilikuya ili na nyinyi munitume."

Hapo mama, ambaye hatukuwahi kumsikia akisema mbele ya watu, akasimama pembeni ya papa.

"Kama ni vile, tunakutuma," alisema. "Barabara ya kutoka ku Tshangalele imekufa. Samaki zinaoza mu njia."

Ukumbi mzima ulipiga makofi. Seneta aliahidi kulisema jambo hilo Kinshasa. Tulirudi kwa miguu, mama akitembea mbele yetu sote, mwepesi kama msichana.

Kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyewahi redio. Alisikiliza habari za Seneti akiwa ameinamisha kichwa, akingoja kusikia jina la ziwa letu. Halikutajwa. Mvua zikaja, zikapita, barabara ikabaki vilevile. Nilidhani papa angemcheka. Jumapili moja mama alipozima redio, papa alisema taratibu, "Pengine alisema. Redio haisemake yote."

Sikumbuki siku nyingine papa alipomtetea seneta.

Papa alifariki miaka michache iliyopita. Siku hizi redioni wanazungumza tena habari za kubadilisha katiba, na wapo wanaotaka Seneti iondolewe kabisa. Mara ya kwanza tuliposikia hayo, mama na mimi tukiwa peke yetu mezani, alisema, "Bafunge tu."

Nilishtuka. Aliyasema kwa ukali wa papa, hata akaweka tonge chini kama yeye.

"Lakini mama, provense ndogo zitasemewa na nani?" nikamwuliza.

Akanisogezea sahani ya samaki na kuanza kunijibu hoja kwa hoja. Tulibishana mpaka chai. Sasa ndivyo tunavyofanya kila Jumapili ninapomtembelea.

Mimi mwenyewe naona Seneti ibaki, ila maseneta tuwachague sisi wenyewe. Hilo sijamwambia. Naogopa atakubali, kisha tutakula kimya.