Swali la Kila Ofisi

Wakati wa vita serikali ilikuwa imegawanywa vipande, lakini ofisi zake hazikupungua hata moja. Hilo nililijua siku nilipomtoa dada yangu mkubwa mjini Beni na kumpeleka Butembo, kwenye kituo cha umma cha wagonjwa wa akili. Watu wenye silaha walikuwa wameingia kwake, upande wa Mutwanga, wakawachukua watoto wake wawili huku yeye amejificha kwenye maharagwe. Tangu hapo usingizi ulimhama. Mimi nilitaka jambo moja tu, alale.

Matibabu yalikuwa ya bure, ila bure yenyewe ilikuwa na milango mingi. Mapokezi walimuuliza yaliyompata, akaeleza. Wakatutuma kwa wanaothibitisha kwamba mtu hana uwezo wa kulipa, nao wakamuuliza yaliyompata. Alieleza kwa maneno yaleyale, na alipofika kwenye kisa pale mbwa alipobweka, alinyamaza akageukia mlango. Katika ofisi ya tatu karani naye aligeuka, na mimi pia. Hapakuwa na mtu. Karani aliinuka akafunga komeo, mchana kweupe, kisha akaendelea kuandika kana kwamba hakuna alilofanya.

Kilichoniogopesha zaidi ni kwamba kila alipomaliza kueleza, dada alirudi pungufu. Baada ya ofisi ya pili hakujua tena kwamba tuko Butembo. Baada ya ile ya tatu alinishika mkono akaninong'oneza nisikohoe, watatusikia. Nilikasirika. Watu wazima, wenye shule zao, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kumuuliza mwenzake wa chumba cha jirani.

Ndani ya ofisi ya mwisho alikuwamo muuguzi, mama wa makamo, kalamu mkononi. Nilimwambia, hata kabla hajatusalimu, kwamba akimuuliza dada tu nitarudi naye Beni kwa miguu. Alikuwa akimtazama dada, ambaye alishageukia mlango bila kuulizwa na mtu. Muuguzi akaweka kalamu chini.

"Sasa mutu asimuulize tena," alisema. "Utasema weye, pa nafasi yake. Ma bureau ingine itakuya kukamata habari kwangu."

Nikaeleza mimi, naye akaandika. Muuguzi alizizunguka mwenyewe ofisi nyingine na karatasi kutafuta mihuri, makarani wakinung'unika kwamba anaharibu utaratibu. Dawa tulizipata siku ileile, na dada akalala. Nililia kwa furaha.

Miezi ilipita. Dada alinenepa, akarudi kuuza viazi sokoni. Kisha kituoni akaja daktari mgeni kutoka Lubero, naye akataka kusikia kisa kwa masikio yake. Nikakieleza kama nilivyozoea, dada ameketi kando yangu, ametulia. Nilipomaliza, dada alikuwa akifuta machozi.

"Pole kwa ule mama," alisema. "Na batoto yake, balirudiaka?"

Daktari alinitazama. Nilimjibu dada kwamba sijui. Akasema basi tutawaombea.

Jioni tulipofika nyumbani alipiga magoti kando ya kitanda, akawaombea watoto wa yule mama, mkubwa kwanza, kisha mdogo, kila mmoja kwa jina lake. Mimi sikuwa nimeyataja majina hayo mbele ya daktari.