Jiko la Jirani na Kanuni Yangu ya Saba

Nyumba ninayopanga hapa Lushoto ina orofa mbili na imejengwa ubavuni mwa mlima, kwa hiyo wa juu wanaingilia barabarani na sisi wa chini tunaingilia uani. Tupo wapangaji watatu. Juu anakaa dada fundi cherehani, ambaye huimba nyimbo za kwaya ya Kilutheri huku akikanyaga mashine. Chini nipo mimi na mama mmoja mjane, wa umri wa mama yangu, anayekaanga maandazi na kuyauza stendi kwa abiria wa basi la kwanza la kushuka Mombo. Kati ya chumba chake na changu kuna ukuta wa tofali moja.

Nilitoka Dar es Salaam nikitafuta utulivu wa kuandika. Kijijini kwetu, upande wa Vuga, nisingeandika hata barua. Huko mtu mzima akikaa ndani mchana kutwa na kalamu anadhaniwa mgonjwa, na ndugu humletea uji. Nikaona bora nipange mjini, nijulikane kidogo.

Ukuta wa tofali moja haukunipa utulivu niliotarajia. Saa kumi na moja alfajiri, baada tu ya adhana, mama alianza kutwanga iliki kwenye kinu kidogo cha chuma. Ti, ti, ti. Kisha aliukanda unga mezani, na meza ile iligusa ukuta wetu, ukuta uligusa kitanda changu. Kisha nilisikia jiko la mkaa likiburutwa kwenda barazani, na baadaye mafuta yakichemka. Saa kumi na mbili kamili mlango wake ulifungwa kwa kishindo naye akaondoka na ndoo ya maandazi kichwani. Kuanzia hapo ningeweza kulala tena, lakini nilikuwa nimeshakasirika, na mimi nikikasirika silali, naandika.

Ndivyo nilivyoandika zile kanuni. Mwenye nyumba anaishi Korogwe, na aliniomba niwe msimamizi kwa kuwa nimesoma chuo kikuu. Sijui alidhani chuoni tulisomea nini. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Nikachapa karatasi yenye kichwa cha herufi kubwa, Kanuni Kumi za Kuishi Vizuri Katika Nyumba ya Pamoja, nikaitia ndani ya mfuko wa plastiki kwa sababu ya ukungu, nikaibandika penye ngazi.

Nyingine zilikuwa za maana. Ngazi zifagiliwe kwa zamu. Anayetoka safari awaambie wenzake. Wanaofua wapokezane kamba, maana Lushoto nguo inakauka kwa siku mbili na kwa dua. Lakini kanuni ya nne ilikataza kelele kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Ya saba ilikataza jiko la mkaa kwenye baraza ya pamoja, na sababu yake, ambayo sikuiandika, ni majivu yaliyokuwa yakitua kwenye mashati yangu. Ya tisa ilisema mtu asigonge mlango wa jirani kabla ya saa moja.

Mama alivaa miwani akaisoma karatasi yote, kidole kikitembea chini ya maneno. Mimi nilisimama kando nikingoja ugomvi, majibu yangu tayari.

"Umeandika vizuri, mwanangu," alisema. "Hakuna hata neno la kufuta."

Nililichukua kama sifa.

Tangu siku hiyo alifuata kila kitu. Iliki aliitwanga jioni. Chini ya beseni la unga alitandika kanga kuukuu iliyokunjwa mara nne. Jiko aliliwasha uani chini ya mti wa mkabela, akalipepea mpaka mkaa ukawa mwekundu na moshi ukaisha, kisha akalibeba ndani. Niliwahi kumwambia kwa utani kwamba harufu ya mafuta inaniamsha na njaa, naye akaanza kusokota kitambaa na kukisukumiza chini ya mlango. Mlango wenyewe aliufunga taratibu, kwa mikono miwili. Nililala mpaka saa moja. Niliandika makala kuhusu ustaarabu wa mijini, nikajisifu humo bila kujitaja.

Kisha kipupwe kikaingia. Wasiojua milima yetu hudhani Tanzania nzima ni joto. Waje hapa mwezi wa saba na shati moja. Ukungu unaingia dirishani na kukaa kitandani. Kila mtu alifunga madirisha, na mama akafunga la kwake.

Siku mbili kabla ya tukio tulikutana bombani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasema kichwa kinamuuma kila asubuhi na kinaachia akifika stendi. Nilimpa hotuba ndefu kuhusu shinikizo la damu, chumvi na kunywa maji ya kutosha. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, ndoo ikimwagika.

Asubuhi yenyewe niliamka saa kumi na mbili kasoro robo, bila sababu. Kimya. Nikatabasamu gizani. Nilichemsha chai, nikavaa sweta mbili, nikakaa mezani. Nilikuwa katikati ya sentensi nilipotambua kwamba saa kumi na mbili imepita na sikusikia mlango. Nilijiambia siku hizi anaufunga kwa mikono miwili, utausikiaje? Nikaendelea na sentensi. Kisha nikatambua kwamba hata harufu ya mafuta haikuwepo. Nikajiambia, kitambaa.

Kila dalili ya hatari niliyokuwa nayo ilikuwa na maelezo, na kila maelezo nilikuwa nimeyaandika mwenyewe na kuyabandika ukutani.

Kutoka stendi ilisikika honi ya basi la kwanza, ndefu, ile ya kuondoka. Nikafungua mlango wangu. Kandambili zake zilikuwa barazani, zimepangwa. Ndoo ya maandazi ilikuwa imepinduliwa juu ya jiwe, kavu.

Sasa hapa nasema kitu ambacho ningependa kukiruka. Nilitazama saa. Ilikuwa kumi na mbili na nusu. Nikafikiri kuhusu kanuni ya tisa. Nikafikiri pia kwamba yeye ni mjane, Mwislamu, mtu wa heshima zake, na mimi mwanamume ninayeishi peke yangu. Nitaonekanaje mlangoni pake alfajiri? Nilirudi ndani. Nilikunywa chai iliyobaki. Sijui zilikuwa dakika saba au nane. Najua kwamba kikombe kilikuwa kimejaa nilipokaa, na kilikuwa kitupu niliposimama.

Nilibisha hodi kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Nikabisha tena. Nikaita, "Mama? Mama, umeamka?"

Fundi aliteremka ngazi akiwa na mswaki mkononi. Kila siku huniamkia kabla ya kusema neno lingine lolote. Siku hiyo hakuniamkia.

"Hajatoka?"

Nikasema hajatoka. Aliweka kiganja kwenye mbao za mlango, akakiondoa, akakirudisha. Akainama akagusa kitambaa kilichochungulia kwa chini.

"Jiko liko wapi?"

Nilitazama mlango, akajua.

Nikasema ngoja nimpigie mwenye nyumba, maana mlango ni mali yake. Kweli nilipiga. Simu ikaita Korogwe, ikaita, na mimi nikawa nimesimama pale nimeishika sikioni kwa utii. Fundi aliokota lile jiwe lililokuwa chini ya ndoo akalipiga dirishani. Kioo kilianguka ndani.

"Una mkono mrefu," akasema. "Ingiza."

Dirisha liko karibu na mlango, na lina nondo. Nilipitisha mkono hadi begani nikapapasa ukuta nikitafuta komeo. Hewa iliyonipiga usoni ilikuwa ya joto, nzuri, kama ya chumba cha mgonjwa anayetunzwa vizuri. Haikuwa na moshi hata kidogo. Komeo lilikuwa gumu. Mama alilitia mwenyewe kila alipojifungia ndani na alikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani. Nikavuta, kioo kikanichana kwapani, nikavuta tena, likaachia.

Alikuwa chini kati ya kitanda na jiko, amelalia ubavu. Mezani, unga ulikuwa umeumuka ukapita ukingo wa beseni, ukamwagikia kanga ile kuukuu na kuning'inia ukingoni mwa meza. Unga hauumuki hivyo kwa robo saa. Nilisimama nikiutazama ule unga badala ya kumtazama yeye, mpaka fundi aliponisukuma.

Tulimburuta kwa blanketi hadi barazani. Kilemba kilikuwa kimemtoka, na fundi, kabla ya jambo lingine, alimfunika kichwa kwa kanga yake mwenyewe na kuniambia nigeuke. Niligeuka. Mbele yangu kulikuwa na ukungu na kamba yenye mashati yangu meupe, safi, bila chembe ya majivu. Nyuma yangu nilimsikia akimwita kwa Kishambaa, akimpiga mashavu, akimwita tena kwa sauti ya mtu anayemkaripia mtoto aliyechelewa kurudi. Haikujibiwa. Nilihesabu mashati. Nilipofika la tano nilisikia mtu akikoroma, kisha akitapika, na sijawahi kufurahia sauti ya namna hiyo kabla wala baadaye.

Fundi alikimbilia barabarani akasimamisha pikapu ya kabichi. Dereva hakuuliza maswali. Walimkalisha mbele, katikati ya dereva na fundi, na mimi nikapanda nyuma juu ya kabichi, mkono ukinitoka damu.

Hospitali walimwekea oksijeni. Daktari, kijana wa kutosha kuwa mwanafunzi wangu kama ningekuwa mwalimu, alitueleza kwamba hewa ya mkaa haina harufu wala rangi, na mkaa uliokwisha kutoa moshi ndio watu huuamini na kuuingiza ndani. Akauliza maumivu ya kichwa yalianza lini. Nikamwambia. Akauliza kwa nini mtu mzima wa umri wake aanze sasa kupikia ndani.

Nikasema kuna utaratibu wa nyumba. Nilisema hivyo, kana kwamba utaratibu ulijichapa wenyewe ukapanda ukutani.

Fundi alinitazama, akingoja.

"Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyemwambia alitoe barazani."

Daktari aliandika kitu. Akanishonea mkono bila kuniuliza kama inauma.

Jioni mama aliamka vizuri. Nilikaa kwenye kiti karibu na kitanda chake nikamweleza yote, pamoja na zile dakika saba au nane na chai. Sikulazimika kumwambia, fundi hakujua kuhusu chai. Mama alifumba macho, nikadhani amelala.

"Ilikuwa na sukari?" akauliza.

Nikasema ilikuwa nayo.

"Angalau."

Hakuniambia nisijali. Ningependa angeniambia.

Alirudi nyumbani siku ya tatu. Nilikuwa nimekusudia kuing'oa karatasi yote, lakini nilipofika penye ngazi nilikuta fundi ameshaishughulikia: kanuni ya nne, ya saba na ya tisa zimepigwa mstari juu ya plastiki kwa chaki yake ya kukatia nguo. Nyingine ameziacha. Nilipouliza alisema ngazi bado zinahitaji kufagiliwa, na zamu ni yangu.

Watu huniuliza, hasa wale wa Dar wanaotaka kuhamia huku milimani, mtu afanye nini ili aishi vizuri na majirani. Zamani ningewapa mambo kumi. Sasa nawaambia wajifunze kelele za jirani yao: anaamka saa ngapi, anakohoa vipi, mlango wake unalia namna gani. Zikikoma, uende. Wananitazama kama mtu anayewashauri wasikilize mlangoni. Sawa, na wanitazame.

Jiko limerudi barazani. Daktari alimkataza kuinama kwenye moto kwa mwezi mzima, na hapo ndipo ilipotokea kazi yangu mpya. Saa kumi na moja, kinu kikishalia, natoka na sweta mbili, nachuchumaa, napepea mkaa kwa kipande cha boksi. Yeye anakaa kwenye kigoda, amejifunika kanga mbili, akinisimamia. Majivu yananipanda kichwani, mengine yanakwenda kwenye mashati.

"Pepea, msomi," ananiambia. "Moto hausomewi."

Komeo ameliacha. Siku hizi anafunga kwa kufuli ya kitasa na anautoa ufunguo kwenye tundu, ili wa akiba uweze kuingia kwa nje. Wiki iliyopita nilimwambia, kwa uangalifu, kwamba huo wa akiba ningeweza kuutunza mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliye karibu, ukuta kwa ukuta. Alikuwa anatumbukiza maandazi. Aligeuza moja, akageuza la pili.

"Nimempa wa juu," akasema. "Wewe utatazama saa kwanza."

Nikaendelea kupepea.