Nilipeleka jiwe la Chunya kwa sonara wa Iringa nikijua ni almasi: alichokiona mchumba wangu sijakisahau

Wakuu, heshima zenu. Mimi ni mzee, nachapa kwa kidole kimoja, herufi zikipishana mnivumilie.

Haya yamenitokea mwenyewe. Shahidi wangu mkubwa nilimzika mwaka juzi, kwa hiyo sina faida ya kuongeza chumvi.

Kilichonileta ni mjukuu wangu Idi, yupo Dar, anataka kuoa. Mwezi uliopita kanipigia ananisomea mambo ya almasi kutoka kwenye simu: cut, colour, clarity, carat, yaani mkato, rangi, usafi na uzito. Nikamwambia bibi yako alizielewa hizo zote asubuhi moja pale Iringa, bila neno la Kiingereza.

Hakuamini. Basi na nyie sikilizeni.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Nilikuwa dereva wa lori, napeleka sabuni, sukari na nguo Chunya kwa wenye maduka waliowauzia wachimba dhahabu. Natoka Iringa mpaka Mbeya, napandisha mlima wa Kawetire, nashukia kwenye vumbi la Chunya. Masika ikikolea, kulala siku mbili Nyololo kwenye tope lilikuwa jambo la kawaida.

Iringa nilikuwa nimepeleka posa kwa binti anaitwa Zuhura. Wazazi wake walishafariki, akalelewa na shangazi yake, Bi Mwanaisha, muuza vitumbua sokoni. Asili yao pwani, na kwao mwanamke akiolewa anavaa kipini puani.

Sasa hapo ndipo penye kisa. Mama yake Zuhura alikuwa na kipini cha almasi. Siku moja akakipeleka kwa sonara wa mji mwingine kukazwa jiwe. Kikarudi kinang'aa vilevile, baada ya miezi kikafifia. Kilikuwa kioo.

Aliporudi kulalamika akaulizwa: una alama gani kwamba hili silo jiwe lako? Hakuwa na alama. Almasi yake ilikuwa safi kabisa, haina hata kidoa cha kuitambulisha.

Ndiyo maana Bi Mwanaisha aliniambia hivi, na vitumbua vyake viko motoni: "Mwanangu, sijakukataa. Lakini wifi yangu alikufa na kinyongo cha kioo. Ukija na almasi, mchukue mwenzio. Ukija na chupa, mlango wangu usiugonge tena."

Nikaondoka na mzigo wa Chunya huku roho iko juu juu.

Kule nilikuwa na rafiki mchimbaji, Mnyakyusa, tukimwita Ambakisye. Nikamweleza shida yangu. Akaingia ndani, akatoka na jiwe limefungwa kwenye kitambaa. Jeupe, linapitisha mwanga, lina ncha kama penseli.

"Dereva, hii jiwe si ya mchezo," akasema. "Inakata kioo. Leta kioo yako uone mwenyewe."

Akaenda kwenye kioo cha pembeni cha lori, akalipitisha. Mstari ukabaki pale, na nikipitisha kidole nausikia.

Wakuu, enzi zile kila mtu alijua kwamba kinachokata kioo ni almasi. Hatukujua kingine. Nikampa koti langu la mvua na tochi mpya, nikalichukua.

Nilipandisha Kawetire kwenye ukungu na baridi ile mnayoijua, nimevaa shati tu, meno yanagongana, na bado nacheka peke yangu kwenye usukani. Nilijiona nimeshaoa.

(Kwa wanaotaka kuuliza: Ambakisye hakunitapeli. Mpaka leo naamini na yeye alijua ni almasi.)

Kufika Iringa nikawachukua Bi Mwanaisha na Zuhura, tukaenda kwa Mzee Jamal. Huyu alikuwa sonara mwenye asili ya Kihindi, lakini mtu wa Iringa kabisa, anakuwahi kwa "kamwene", salamu ya Kihehe, kabla hujavuka kizingiti.

Akaweka lenzi yake jichoni. Akaligeuza jiwe mara moja tu.

"Umetoa Chunya hii?"

"Ndiyo, Mzee."

"Nilijua. Hili ndilo jiwe ambalo dhahabu yenu inalalia, quartz. Zuri, lakini siyo almasi."

Nikamwambia limekata kioo cha lori. Akanijibu taratibu, kama mtu anayemfunulia mgonjwa kidonda: "Vinavyokata kioo viko vingi, kijana wangu. Almasi ni kimoja tu."

Bi Mwanaisha alijitanda khanga yake vizuri, akasimama. Niliona ndoa yangu inasimama naye na kuelekea mlangoni.

Zuhura hakusimama.

"Shangazi, ngoja kidogo," akasema. "Mzee Jamal, ya kweli ikoje? Nionyeshe na mimi niijue, nisije nikalia kama mama."

Wakuu, nilikuwa nampenda yule binti kwa uzuri wake. Pale ndipo nilipoanza kumpenda kwa akili yake, na hilo halijaniisha.

Mzee Jamal akatandika karatasi nyeupe mezani, akaweka almasi tatu zilizotoka kwenye vito vya zamani. Akahema juu ya jiwe langu, ukungu ukakaa. Akahema juu ya almasi, ukungu ukafutika hapohapo. Zuhura akaomba arudie mwenyewe, akarudia kwa zote tatu.

Halafu akauliza swali ambalo sonara mwenyewe hakulitegemea. "Hapa dukani taa yako inazisaidia. Naweza kuzitoa kivulini?"

Akazibeba na karatasi yake mpaka barazani. Mzee Jamal akamfuata, shangazi pia, na mimi nyuma yao kama turniboi anayemfuata dereva.

Muelewe, huyu binti kazi yake ya kila asubuhi ilikuwa kuchambua mchele wa Usangu kwa ajili ya vitumbua. Jiwe moja likimpita, mteja anavunjika jino. Macho yale hayakuwa ya mchezo.

"Hili kubwa lina umanjano," akasema. "Taa ilikuwa inaficha. Na kivulini limelala, halichezi."

"Lilikatwa vibaya," Mzee Jamal akakubali. "Aliyelikata alitaka liwe zito tu."

"Hili dogo ni safi."

"Safi kabisa. Ndilo ghali kuliko yote kwa uzito wake."

Akachukua la tatu, la kati. Lilikuwa jeupe, kivulini linacheza cheche vizuri. Akaazima lenzi, akakaa nalo muda mrefu mpaka Bi Mwanaisha akaanza kuguna.

"Lina doa," Zuhura akasema. "Pembeni huku. Jeusi, dogo kama mbegu ya mchicha."

"Kweli. Lilizaliwa nalo hilo. Ndiyo maana bei yake imeshuka, ingawa bila lenzi hakuna atakayeliona."

"Basi nataka hili."

Shangazi akashtuka. "Mwanangu, mawe yote hayo unachagua lenye doa?"

"Shangazi, mama hakuwa na alama. Hili hata likichanganywa na mia, nitalijua."

Mzee Jamal akavua lenzi, akamtazama kwa heshima kabisa. Alisema yuko kwenye kazi ile tangu utoto, na wateja wote huja kwake wanakimbia doa.

Bi Mwanaisha akamwangalia mpwa wake, akaniangalia mimi na jiwe langu la Chunya mkononi, ndipo akacheka. "Haya. Na huyu dereva naye ana doa lake. Mchukue, angalau tunalijua lilipo."

Jiwe nikalilipia kidogo kidogo kwa pesa za safari, tukaoana. Kipini alikivaa mpaka uzee, na kila kilipotoka kwa fundi alikikagua kwa lenzi kabla hajafungua pochi.

Sasa turudi kwa Idi. Nilimpa kile kipini atengenezee pete ya mchumba wake. Wiki iliyopita akanipigia kutoka dukani: "Babu, hili jiwe lina doa. Wanasema wanaweza kunibadilishia na safi zaidi, siongezi kitu."

Nikamwambia arudi nalo kama lilivyo.

Jana kaja na pete. Macho yangu yameisha, lenzi haisaidii tena. Mchumba wake, binti mpole wa Kibena, akalikuza jiwe kwa kamera ya simu na kunisogezea. Mbegu ya mchicha ipo palepale. Nililia mbele ya watoto, na sikuona aibu.

Fundisho langu ni fupi. Kabla hujauliza ukubwa, toka na jiwe kivulini, liweke kwenye karatasi nyeupe, na ulijue doa lake wewe mwenyewe kuliko anayekuuzia. Ukipata mwenza mwenye macho ya kuchambua mchele, mtangulize mbele.

Haya wakuu, uwanja wenu. Nani mwingine humu aliwahi kupigwa na jiwe, na nani alimwokoa?