Nafasi ya Dini Kwenye Karatasi ya Shahidi

Siku ya kwanza kazini nilifika mahakama ya mwanzo, kule milima ya Ileje, kabla mlango haujafunguliwa. Sikuwa nimesomea ukarani. Nilijifundisha kwa kunakili majalada ya zamani, na niliogopa kukosea kuliko nilivyoogopa njaa. Nakiri hivyo kwa sababu kosa langu kubwa lilitokana na hofu hiyo.

Karani huita mashahidi, huandika jina, umri, kabila na dini, kisha huwaapisha. Mkristo hushika Biblia, Mwislamu Kurani. Asiye na dini huthibitisha, yaani hutamka mbele ya watu kwamba atasema kweli. Ushahidi usio na kiapo wala uthibitisho hauna uzito.

Mwezi wa pili alikuja bibi mmoja wa Kindali, mjane. Shemeji yake alidai shamba la marehemu, na bibi hakuwa na shahidi ila yeye mwenyewe. Nilipomuuliza dini, alinyamaza. Shemeji akasema niandike mganga, watu wakaangua kicheko. Nami, nisiyevumilia nafasi tupu kwenye karatasi, nikaandika haraka "hana", nikamwambia aeleze. Nikasahau kumtaka athibitishe.

Alipomaliza, hakimu, mtu mpole asiyeinua sauti, alinitazama.

"Karani, huyu amethibitisha?"

Ningeweza kuitikia kwa kichwa tu. Nikasema hapana, Mheshimiwa, kosa ni langu.

"Basi tunaanza upya. Muulize vizuri."

Nikamuuliza kwa Kindali changu kibovu, lakini nilipofika kwenye dini sikuwa na neno jingine, nikatumia lilelile la Kiswahili. Bibi akanishika mkono.

"Mjukuu wangu, unaniuliza nasali wapi, au namwogopa nani?"

Nikamgeukia hakimu. Akasema nimuulize anayemwogopa.

"Mume wangu amezikwa pale shambani, na mimi nitalazwa kando yake. Nikidanganya leo, nitamwambia nini?"

Mmoja wa wazee wa baraza, wale wanaokaa na hakimu kuamua, akavua kofia. Bibi akathibitisha, akaeleza yote tangu mwanzo bila kubadilisha hata jiwe moja la mpaka. Shamba likabaki lake.

Baadaye nilihamishiwa Tunduma, miaka ile malori yalipoanza kujaa mpakani. Huko mwalimu mmoja wa madrasa, mkazi wa Chapwa, alinieleza kwamba neno dini limetoka kwenye Kiarabu, na kwamba huko limebeba pia maana ya hukumu: siku ya dini ni siku ya hukumu. Miaka yote nilikuwa nimelibana kwenye nafasi ya upana wa vidole viwili, na bibi asiyejua Kiarabu alikuwa amenieleza lote mbele ya baraza.

Sasa nimestaafu, naishi mji mdogo wa Mpemba, jirani na Tunduma. Fomu ya mwisho niliyojaza kazini ilikuwa yangu mwenyewe, nayo ilikuwa na nafasi ya dini. Niliandika "Mkristo", kisha nikabaki nimeshika kalamu, nikijiuliza kama yule bibi angeupokea ushahidi wangu.