Nilidhani Ni Santuri

Mke wangu aliosha santuri vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, nami nilimwambia kwamba ameziharibu. Nalisema hilo mwanzoni kabisa ili nisije nikalikwepa nikifika katikati.

Tuliishi Gachoka, katika nyumba niliyoijenga nikiwa bado nafundisha shule ya msingi. Mimi ni Mmeru wa upande wa Muthara, yeye alikuwa Mmbeere. Tangu tulipokutana tulizoea kuongea Kiswahili, tukichomeka cha kwao au cha kwetu pale neno lilipokosekana. Aliniita Mwalimu, hata mbele ya watoto. Mimi nilimwita Mama.

Santuri, au rekodi kama tulivyoziita nyumbani, zilikuwa zangu. Nilizinunua moja moja nikiwa kijana, katika vibanda vya Embu na Meru mjini: rumba, benga, na nyimbo chache za kwaya. Lakini Gachoka ni mahali pa vumbi. Linaingia chini ya mlango, linaingia kabatini, linaingia hadi ndani ya majalada. Mifereji ya santuri ni myembamba kama nyuzi, na vumbi likishakaa humo, sindano hulikokota, ukasikia wimbo na juu yake mlio kama wa mafuta yanayochemka kwenye kikaango. Kwa miaka mingi nilizipangusa kwa mkono wa shati na kudhani nimezisafisha.

Aliyenifundisha kuziosha ni rafiki yangu wa Meru mjini, Mwislamu wa mtaa wa Majengo mwenye bucha, ambaye baba yake alimwachia santuri nyingi. Siku moja alinionyesha kule nyuma ya bucha yake. Maji yasiwe ya moto. Sabuni ya vyombo, tone moja tu. Kitambaa laini kizunguke kufuata mifereji, kisiikate. Karatasi ya katikati, yenye jina la wimbo, isiguse maji. Mwisho suuza kwa maji ya betri, yale yanayouzwa kwenye vituo vya petroli, kwa sababu hayana chumvi.

Nilipomweleza mke wangu, alinitazama vidole. "Na hiyo mikono yako ya chaki, Mwalimu? Leta hapa."

Muda si mrefu akanipita mbali. Maji ya kisima chetu yana chumvi na yaliacha alama nyeupe, kwa hiyo mvua ilipoanza alitega sufuria chini ya mfereji wa paa, akayachuja yale maji na kuyaweka kwenye jerikeni yake ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Alikata vifuniko viwili vya plastiki vya kufunika karatasi ya katikati. Alikuwa na brashi ya nywele ya kitinda mimba wetu, laini sana, na vipande vya shuka kuukuu la pamba. Alizikausha zimesimama kwenye raki ya vyombo, kivulini, maana jua la huku lingezipinda.

Hiyo ilikuwa kazi ya Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Yeye aliosha, mimi niliweka sindano, tukasikiliza. Alikaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, kichwa amekiinamisha upande mmoja.

"Hapo bado," angesema. "Rudisha kidogo. Umesikia? Kuna kitu kimebaki."

Nami ningeitoa, airudishe kwenye karai. Sikuwahi kumwona akichoka. Watu wengine wana kahawa yao au kanisa lao. Sisi tulikuwa na karai lile.

Sijui hasa ni lini nilianza kusikia tofauti. Kwanza ni matoazi yaliyofifia. Kisha gita la juu, lile linalokimbia mbele ya mengine, likawa kama linapigwa nyumba ya jirani. Nilibadilisha sabuni. Nikaagiza sindano mpya Nairobi. Nikafungua spika na kupuliza vumbi. Hakuna kilichobadilika, ila kila wiki wimbo mwingine ulikuwa umezibwa kama umefunikwa blanketi.

Ikaja Jumamosi tuliyoweka santuri moja ya rumba tuliyoipenda wote wawili. Katikati yake wanawake watatu wanaitikia kwa sauti nyembamba za juu. Nilingoja waingie. Hawakuingia. Nikarudisha sindano, nikangoja tena, nikasikia besi na ngoma tu.

"Umeziharibu," nilimwambia. "Umezisugua mpaka sauti imetoka."

Alikuwa bado ameshika kitambaa. "Mwalimu, mimi nawasikia."

"Unamsikia nani?"

"Hao wanawake. Wako hapo."

"Basi hujui kusikiliza. Rekodi za miaka arobaini, na umezimaliza na hicho kibrashi chako."

Alipangusa mikono kwenye leso, akaning'iniza kitambaa kwenye kamba, akaenda shambani kuangalia ndengu ambazo hazikuhitaji kuangaliwa. Niliona mgongo wake ukishuka kati ya mistari, na nilikuwa na hasira kiasi kwamba niliona nina haki.

Hakuziosha tena. Sikumkataza, na yeye hakutangaza. Jumamosi iliyofuata nilibeba karai mwenyewe, naye akatafuta kazi jikoni. Tukaishi hivyo zaidi ya mwaka. Hatukugombana. Alinipikia, akanifulia, tukaenda kanisani pamoja. Lakini kile kiti cha dirishani kilikuwa kitupu, na nikiongea na nafsi yangu nilisema amenuna kwa sababu amekosa.

Katika mwaka huo nilimwona pia ameanza kunung'unika. Badala ya kusema wazi alisemea mdomoni, tena akiwa amenipa mgongo. "Sema kama mtu," nilimwambia mara nyingi. Akaanza kuja mpaka mbele yangu ndipo aseme neno lake. Niliona hayo ni madharau mapya.

Rafiki yangu mwenye bucha huja Ishiara siku za soko kununua mbuzi. Safari moja akarudia njia ya Gachoka ili anisalimie. Mke wangu alimpikia chai, akatoka kwenda kwa jirani. Nikamweleza mgeni habari ya santuri zangu, tena kwa uchungu, kama mtu anayeshtaki. Nikamwekea ile ya wanawake watatu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainyanyua, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango.

"Nani aliosha hii?"

"Mke wangu."

"Ni safi kuliko zangu zote. Hao wanawake ni kama wako hapa chumbani."

Nilidhani anataka kunifurahisha tu. Nikageuka kuweka nyingine, nikiwa nimempa mgongo, nikachukua muda kuchagua. Nilipogeuka nilimkuta amesimama, ananitazama vile mtu anavyomtazama mgonjwa.

"Mwalimu," alisema, safari hii kwa sauti kubwa, "nimekuita mara tatu."

Akaja akaniwekea mkono begani. "Ndugu yangu, nenda ukaangaliwe masikio. Hizi rekodi hazina ubaya wowote."

Nilienda Embu wiki hiyo hiyo. Nilifungiwa katika chumba kidogo kama kabati, nikavishwa vifaa vya masikioni, nikaambiwa nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Nilikaa pale nikingoja, nikidhani mashine haijawashwa. Ilikuwa imewashwa. Dada aliyenipima, mdogo kuliko binti yangu, alinionyesha mchoro wake. Mstari ulianza juu, ukaenda kidogo, kisha ukateremka ghafla kama barabara inavyoshuka kutoka Embu kwenda Mbeere.

"Sauti nzito bado unazo," alisema. "Nyembamba zimeenda. Sauti za wanawake, za watoto, za ndege. Zimekuwa zikienda pole pole kwa miaka."

"Zitarudi?"

"Hapana, mzee. Kuna vifaa, vitakusaidia kwenye mazungumzo. Kwa muziki, sitakudanganya."

Niliporudi nyumbani, mke wangu alikuwa ameketi kwenye veranda akichambua ndengu kwenye sinia. Nilikaa kwenye kigoda mbele yake ili nimwone mdomo. Nikamwambia yote, pamoja na mchoro. Aliendelea kutoa mawe.

"Nilijua," alisema.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Mwaka jana, kabla ya mavuno. Ukasema ni mimi nimezeeka mdomo."

Sikukumbuka. Mpaka leo sikumbuki, lakini ni maneno yangu, nayatambua. Nikamwomba msamaha. Akasema yameisha, na naamini kwamba kwake yalikuwa yameisha kweli. Lakini nilipomwomba Jumamosi ile aje kwenye karai, alinyoosha vidole vyake mbele yangu. Viungo vilikuwa vimevimba. "Hata sufuria sasa naishika kwa mikono miwili," alisema. Sikuwa nimeona hilo pia.

Alikubali kuja kukaa tu. Mara mbili tatu aliketi karibu nami, mkono wake juu ya wangu, na nyimbo zikicheza alinibonyeza pale gita la juu lilipoingia. "Sasa," alisema karibu na sikio langu. "Sasa wameitikia." Niliwakumbuka kuliko kuwasikia. Baadaye moyo wake ukaanza kumsumbua, pumzi ikawa fupi, na mambo ya santuri yakakoma yenyewe.

Alilazwa Embu mvua za Aprili zilipokuwa zimeshika. Vile vifaa vya masikioni nilikuwa navyo, lakini wodini palikuwa na kelele za mabati na vitanda vya magurudumu, na vifaa vilileta kila kitu kwa pamoja kama debe la misumari. Siku ya nne, saa tisa za mchana, binti yetu alishuka kununua maziwa. Mke wangu akafungua macho. Akanitazama vizuri, macho ya mtu aliye na akili zake, na midomo yake ikasema kitu. Haikuwa neno moja. Ilikuwa sentensi nzima, na baada yake nyingine fupi. Niliinama mpaka sikio langu likagusa shavu lake. Nilisikia pumzi.

"Sema tena, Mama," nilimwambia. "Pole pole."

Alitabasamu kidogo, kama aliyenielewa, na hakusema tena. Nikachukua glasi nikamlowesha midomo, kwa kuwa sikujua la kufanya. Binti yetu aliporudi alimkuta amelala. Jioni ile akaaga dunia.

"Mama alisema nini?" binti yetu aliniuliza kesho yake, macho yamemvimba. Alikuwa amesikia kwa nesi kwamba mama yake aliongea.

"Aliomba maji," nilisema.

"Ukampa?"

"Nilimpa."

Siku ya mazishi binti yetu alisimama mbele ya watu, akasimulia jinsi mama yake alivyoomba maji akanyweshwa na mume wake, na kwamba hiyo imempa amani. Wanawake wa kanisa walitikisa vichwa kwa kukubali. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya mbele, na maneno yake niliyapata kwa kumwangalia mdomo. Wajukuu nao sasa wanaisimulia hivyo hivyo. Sijamsahihisha mtu yeyote.