Mtu wa Kichwa Chini

Benchi la nyuma kabisa katika kanisa letu la Kilutheri pale Mafinga alilitengeneza baba yangu. Hapo ndipo walipokaa waliotengwa. Mtu aliyekutwa na kosa alikatazwa Meza ya Bwana, akaketi pale peke yake miezi kadhaa, mpaka siku ya kuungama mbele ya usharika wote na kurudishwa. Baba alilitengeneza kwa mbao za msonobari kama mabenchi mengine, ila mgongo wake aliulaza kidogo. Alisema mtu mwenye aibu naye huchoka.

Mwaka ninaousema, katikati ya miaka ya sabini, nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Iringa mjini, nipo nyumbani nasubiri kwenda kusomea uuguzi kwenye hospitali ya misheni. Kilichobaki ni barua ya mchungaji ya kunithibitisha kuwa ni Mkristo mwenye mwenendo mwema. Bila barua hiyo chuo kisingenipokea, na baba alilijua hilo kuliko mimi.

Mzungu mmoja mkulima wa chai alikuwa anafunga virago kurudi kwao, akamletea baba kabati alirekebishe. Mimi ndiye niliyelisafisha. Chini ya karatasi iliyotandikwa kwenye droo nikakuta karata moja, kubwa kuliko karata za kuchezea. Ilikuwa na picha ya kijana aliyefungwa mguu mmoja kwenye mti, kichwa chini, mikono mgongoni, mguu wa pili ameukunja kama mtu anayepumzika. Kichwa chake kilizungukwa na mwanga. Maandishi ya Kiingereza chini yake yalisema ni mtu aliyetundikwa. Nilijua ni karata ya kubashiria, kwa kuwa nilishasoma habari zake. Ningeweza kuirudisha. Nikaipigilia msumari ukutani, juu ya meza ya kazi ya baba, kwa sababu ilinipendeza, na kwa sababu nilitaka watu waniulize maana yake. Baba aliitazama, akauliza mbona huyu halii, kisha akaendelea kupiga randa.

Wiki tatu baadaye, mpakiaji mmoja wa magogo aliteleza juu ya lori. Mguu ukanasa kwenye mnyororo, akaning'inia kichwa chini mbele ya wenzake mpaka walipomnasua. Alipona, lakini mguu ulivunjika vibaya. Kaka yake alikuwa mteja wetu, na karata alikuwa ameiona. Hazikupita siku mbili, Mafinga nzima ikawa inasema kwamba fundi seremala kamtundika mtu ukutani, na mtu kweli katundikika.

Wazee wa kanisa wakamwita baba Jumamosi mchana, na mimi niende naye kwa kuwa najua Kiingereza. Njiani nilimwambia nitasema ukweli, kwamba karata niliileta mimi. Hakupunguza mwendo.

"Mchungaji ameshaandika barua yako?"

Nikasema bado.

"Basi karata ni yangu. Wewe utasoma maandishi tu, mama."

Nilimkasirikia kwa kunifanya mtoto. Lakini chini ya hasira hiyo nilifurahi. Nimeuguza watu Mbeya miaka mingi, nimeona mengi, na furaha ile bado inaniuma.

Katika ofisi ya usharika karata iliwekwa mezani na hakuna aliyetaka kuigusa. Mzee mmoja aliisogeza kwa ncha ya penseli. Nikasoma maandishi, wakaguna. Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Ila nilikuwa na kimbelembele, tena nikadhani nimeona njia ya kutuokoa sote wawili: kama karata haina ubaya, hakuna kosa, na kama hakuna kosa, hakuna wa kutengwa.

Nikawaambia watazame kamba, haipo shingoni, ipo mguuni, kwa hiyo huyu hanyongwi. Mti wake una majani mabichi. Uso umetulia, na mwanga kama ule hauchorwi kwenye kichwa cha mchawi. Mzee wa penseli akavaa miwani, akainama. Mwingine akasema wenzetu Wakatoliki hufundisha kwamba hata yule mkuu wa mitume alisulubiwa kichwa chini. Mchungaji akaitikia kwa kichwa. Nikaona tumepona.

"Basi huyu ni nani?" akauliza mchungaji.

Ningeweza kusema sijui. Badala yake nikakumbuka kitabu cha visasili nilichosoma shuleni, nikasimulia kwamba watu wa kale wa kaskazini ya Ulaya walikuwa na mkuu wao aliyejining'iniza kwenye mti mkubwa siku tisa, bila chakula wala maji, amejichoma mkuki, ili aijue siri ya maandishi. Hakuna aliyemfunga, nikasema kwa fahari, alijifunga mwenyewe, ndiyo maana halii.

"Mkuu wao vipi? Mfalme?"

"Mungu wao," nikasema.

Neno lilinitoka kabla sijalipima. Mzee akavua miwani. Mambo ya uchawi wangeweza kuyaita ujinga wa fundi, wakamwonya yakaisha. Mungu mwingine lilikuwa jambo la Amri ya Kwanza, na Amri ya Kwanza kila mtoto wa kipaimara aliijua kwa moyo.

Mchungaji alinitazama mimi, hakumtazama baba. Akauliza polepole ni nani aliyeipigilia ukutani. Alikuwa ameshajua. Fundi asiyejua Kiingereza angezitoa wapi habari za miungu ya Ulaya? Nikafungua mdomo. Nikaiona barua yangu, nikaiona sare nyeupe, na neno halikutoka.

"Ni mimi, mchungaji," baba akasema. "Ukuta ni wangu, msumari ni wangu. Mtoto ameitwa kusoma, amesoma."

Mchungaji akachukua kalamu, akaandika. Miezi mitatu.

Kesho yake baba alivaa koti lake, akaingia kanisani, akapitisha kiganja kwenye mgongo wa benchi la nyuma kama anayetafuta palipokwaruza, akaketi. Nilimwona kutoka kwenye kwaya. Uso wake ulikuwa umetulia, nami nilitamani alie. Jumatatu barua yangu ikatiwa saini.

Siku ya kurudishwa kwake niliomba ruhusa chuoni, nikaja. Baba alisimama mbele, akaungama kwamba aliingiza picha ya mungu mgeni nyumbani mwake, akaiweka juu ya kazi ya mikono yake, akawakwaza ndugu zake. Lilikuwa kosa langu lote, hakuacha kitu. Alipomaliza, mchungaji akauliza usharika kama unamsamehe. Tukajibu wote kwa sauti moja, na mimi nikiwemo, kwamba tunamsamehe.